Msimu Niliompa Kiberiti Jembe

Jumatatu, 2 Februari

Mwalimu ameamuru kila mwanafunzi aandike kila siku amefanya nini na hali ya hewa ilikuwaje. Nikamwuliza, kwa ile lugha ya hapa ninayoiokoteza, niandike kwa lugha gani. Akasema yoyote, mradi niandike. Amejichongea mwenyewe. Kiswahili hajui hata "habari". Nitamsema humu mpaka kalamu ichoke, naye atapiga mhuri wake wa bluu chini ya kila ukurasa.

Mwalimu ni mrefu kama mlingoti na anatembea kama aliyemeza ufagio. Haya, piga mhuri.

Sasa nijitambulishe, ili shajara ikipotea aliyeiokota ajue ameokota mali ya mtu mkubwa. Kwetu wananiita Chumvi. Wenye wivu wanasema ni kwa sababu natia chumvi kwenye hadithi. Uongo mtupu. Ni kwa sababu nisipokuwapo mazungumzo hayana ladha. Shule sikwenda. Siku walipokuja kuandikisha watoto nilikuwa juu ya mti, na walipoita jina langu nikapanda zaidi. Kusoma nilijifunza mtu mzima, kwa magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana habari zote ninazozijua zimekatika katikati.

Nimemfuata binti yangu huku ng'ambo. Yeye ni muuguzi. Nilikaa ndani nikimfundisha kupika, kufagia na kufunga mlango, mpaka akasema, "Baba, ama uende shule, ama mimi nihame." Halmashauri ya mji ina shule ya watunza bustani, inapokea yeyote mwenye kibali cha kuishi, awe mtoto awe babu. Basi nimevuka bahari kuja kusomea jembe. Mimi ndiye mwanafunzi mzee kuliko wote, na tukisema ukweli, mwenye sura kuliko wote.

Jumamosi Kiberiti anakuja.

Jumatano, 4 Februari

Baridi. Ndevu zimekataa kukunjika.

Jumamosi, 7 Februari

Tumempokea Kiberiti uwanja wa ndege.

Huyu ni mtani wangu tangu tunachunga mbuzi. Mfupi, mkavu, ukimkwaruza tu anawaka. Siku nilipomzika mke wangu, watu wote walikuja na nyuso za kuazima, wananiambia "pole, pole". Kiberiti alisimama mlangoni akasema mbele ya umati, "Chumvi, mama wa watu amekufa kwa kuchoka kukusikiliza." Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikasikia njaa. Nikala. Nisingekula siku ile, leo mngekuwa mnasoma shajara ya mtu mwingine.

Mwaka jana mke wake naye akafariki. Mimi niko huku, siwezi hata kwenda kumtukana. Watoto wake wakanipigia simu: baba amefunga shamba, haongei, chakula anakionja kama anatafuta sumu. Nikasema mleteni. Kibali cha mgeni kinampa miezi mitatu. Nimeapa mbele ya binti yangu kwamba Kiberiti hataondoka hapa mpaka amewaka.

Wiki nzima nilikuwa natengeneza tusi la kumpokelea. Alipotokea tu, na koti la suti la harusi yake, nikalitoa kwa sauti iliyogeuza shingo za watu: "Kumbe siku hizi ndege zinapakia hata mizigo mibovu!"

Nikasubiri. Yule Kiberiti ninayemjua angenirudishia mimi, babu yangu na punda wa babu yangu.

Akasema, "Eeh. Tumefika."

"Shikamoo baba mdogo," binti yangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Mpaka nyumbani. Kiberiti kimelowa.

Jumapili, 8 Februari

Mgeni amelala. Kwa heshima yake nimenyamaza kutwa. Binti yangu amenipima homa.

Jumatatu, 9 Februari

Baridi, mawingu.

Leo tumeanza kupogoa mitufaha kwenye bustani ya mji. Miti ya huku ina mambo. Haina jani hata moja, imesimama kama mifupa ya samaki, na Mwalimu anasema iko hai, imelala tu. Akatugawia mikasi na misumeno, kila mtu na mti wake. Mimi, mtu niliyewahi kufyeka msitu asubuhi nikajenga nyumba kwa mbao zake jioni, nikautazama ule mti nikaona dharau. Nikaushughulikia. Nilipomaliza zilikuwa zimebaki fimbo tatu na aibu.

Mwalimu akashika kichwa. Akanionyesha kwa mikono, taratibu: unakata kidogo, unarudi nyuma, unaangalia. Unakata kidogo, unarudi, unaangalia.

Nikamwambia kwetu kinyozi harudi nyuma.

Akanijibu kwamba nywele zinaota mwezi ujao, lakini tawi nililokata lilikuwa limeanza kuota kabla yeye hajaajiriwa. Alinishinda. Nimeandika hapa kwa sababu hajui kusoma Kiswahili.

Nyumbani nikamkuta Kiberiti kwenye kiti cha dirishani.

"Unaangalia nini?"

"Magari."

"Yanafanya nini?"

"Yamesimama."

Amekula vijiko viwili.

Jumanne, 10 Februari

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi nikamvalisha Kiberiti makoti mawili, langu na la binti yangu, akawa kama godoro lenye miguu.

"Baba, unampeleka wapi baba mdogo?"

"Shule. Siku zake za ugeni zimekwisha."

"Baba, kibali chake ni cha kutembea tu."

"Si tunatembea? Kwani umeona gari?"

Binti yangu akatikisa kichwa, akaenda zamu.

Mwalimu akakubali mgeni asimame pembeni aangalie. Alipogeuka tu nikampa jembe. Jembe la huku si la kuinua. Ni bapa, unalikanyaga kwa mguu kama baiskeli. Kiberiti akalishika, akaligeuza huku na huku, akaligonga kwa kidole kama anayenunua chungu. Halafu akaanza kulegeza udongo kuzunguka mashina.  Nilimwona mabega yakishuka mahali pake.

Muda ukapita. Akasimama mbele ya ule mti wangu wa jana.

"Chumvi."

"Naam."

"Huu ulikukosea nini?"

Nikajikausha nisicheke, maana moto mchanga ukiupulizia kwa nguvu unazima.

"Nimeupogoa kitaalamu," nikasema.

"Na umekufa. Yote imekufa hii. Watu wanapanda ndege kusomea udaktari, wewe umepanda ndege kuja kunyoa maiti. Tena unainyoa vibaya!"

Nilicheka nikakaa chini kwenye tope. Wanafunzi wakaja mbio wakidhani moyo umesimama.

Jioni amekula sahani nzima.

Ijumaa, 13 Februari

Jua kidogo, la mapambo, halina joto.

Kiberiti anakuja kila siku sasa. Wanafunzi wanamsalimia. Ila kwa miti amekataa katakata. Anasema imekufa, na mji mzima unalipa watu kupamba makaburi. Leo nikamtafsiria Mwalimu. Badala ya kukasirika, Mwalimu akamwita, akachagua kijitawi, akakwaruza gome kwa ukucha.

Chini yake, kijani. Kibichi kama cha mahindi machanga.

Kiberiti akainama mpaka pua ikagusa. Akakwaruza mwenyewe, pembeni kidogo. Kijani. Akaenda mti wa pili. Kijani.

"Kumbe mzima," akasema polepole. "Kumbe muda wote huu yumo ndani."

Jumapili, 15 Februari

Nimepata aibu. Tulitoka kunyoosha miguu, na Kiberiti anasimama kila mti wa barabarani anaukwaruza. "Huyu yumo. Huyu yumo. Huyu... huyu hayumo, masikini." Mama mmoja mwenye mbwa akasimama kututazama. Mbwa naye akatutazama. Nikamwambia yule mama kwamba rafiki yangu ni daktari mkuu wa miti, ameitwa kutoka mbali. Akaomba tuje tuangalie mti wake.

Tukaenda. Yumo.

Jumatano, 18 Februari

Mvua nyembamba. Kiberiti ameniambia nakoroma kama mtu anayesukuma kabati. Mambo ni mazuri.

Jumatatu, 23 Februari

Kutwa nzima Kiberiti ana maswali, na mimi ndiye mdomo wake.

"Mwulize, mti unajuaje siku za kulala?"

Mwalimu anasema unaona mchana unafupika.

"Mwulize, na siku ya kuamka unaambiwa na nani? Joto?"

Hapo Mwalimu akaweka mkasi chini. Akasema joto peke yake halitoshi. Mtufaha unahesabu baridi. Lazima upigwe na baridi ya kutosha kwanza, ndipo joto likija uamke. Baridi ikipungua, mti unaamka vibaya, maua mawili matatu, umekwisha.

Nikamtafsiria, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza kitu, maana sikujua niongeze wapi. Kiberiti akachimba, akachimba.

"Yaani isingepigwa na hii baridi," akasema baadaye, "isingeamka?"

"Ndivyo anavyosema mlingoti."

"Usimwite mlingoti. Ana akili huyu mama."

Ni kweli anayo. Leo alinirudisha nyuma mara nyingi kuangalia mti wangu, na nilipoangalia nikaona tawi nililotaka kukata ndilo lililobeba mengine. Piga mhuri, mama.

Ijumaa, 27 Februari

Leo nimeharibu. Nitaandika yote.

Baridi kali, hakuna upepo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, Kiberiti chini, jembe mkononi, anaimba kimyakimya. Akaja bwana mmoja wa koti refu na begi la ngozi, anatoka idara ya wageni. Kumbe huwa wanazunguka sehemu za kazi kuangalia nani ana kibali gani. Mwalimu alikuwa ameingia stoo. Yule bwana akatazama orodha yake, akahesabu vichwa, kimoja kikazidi.

Akamnyooshea Kiberiti kidole. Akaniuliza mimi, "Huyu ni nani?"

Hapo mtu mwenye busara angesema "rafiki yangu". Neno lenyewe nalijua, ni fupi, ndilo nililojifunza la kwanza. Lakini mimi nikiulizwa swali dogo nahisi nimetukanwa. Nikashuka kwenye ngazi, nikajipangusa mikono, nikavuta pumzi.

"Huyu," nikasema, "ni mfanyakazi wangu! Hakuna mchimbaji kama huyu katika nchi yenu nzima. Siku ya tatu tu nilimpa jembe. Anachimba toka asubuhi mpaka jua linazama, kila siku, hapumziki! Watu watano wa hapa hawamfikii!"

Nilijivuna kwa lugha yao, na sarufi yote ikakaa sawa. Ndiyo siku pekee nimeongea lugha hii bila kosa.

Yule bwana akatoa kalamu.

Kiberiti akaniangalia. "Umemwambia nini?"

"Nimekusifia."

"Mbona anaandika?"

Mwalimu akatoka stoo mbio, akaongea naye kwa sauti ya chini, akaongea naye kwa sauti ya juu. Haikusaidia. Kibali cha mgeni hakiruhusu kazi, iwe ya malipo, iwe ya bure. Tumeitwa idarani tarehe kumi na saba mwezi ujao. Ikionekana amefanya kazi kweli, anarudishwa, na jina lake linafungwa, hatakanyaga tena huku. Na mimi niliyemfanyisha kazi ninaweza kutolewa shule. Mpaka siku hiyo, Kiberiti asishike chombo chochote.

Bwana wa koti akamwashiria aweke jembe chini. Kiberiti hakujua lugha, lakini alielewa. Hakulitupa. Alilifuta tope kwa kiganja, akalilaza taratibu.

Binti yangu aliporudi kazini nikamweleza. Alikaa na viatu vyake miguuni.

"Baba," akasema, "mdomo wako huu. Mdomo wako!"

"Mwanangu, mimi nilikuwa namsifia mtu."

"Nilikwambia kibali chake ni cha nini."

Alinilea huyu mtoto kuliko nilivyomlea. 

Jumatatu, 2 Machi

Kiberiti hakutoka. Kiti cha dirishani.

Jumatano, 4 Machi

"Magari yanafanya nini leo?"

Hakujibu hata kwamba yamesimama.

Alhamisi, 5 Machi

Vijiko viwili. Nimemsimulia ile ya kisima nilichokichimba maji yakaja kwa kasi nikatoka juu nimekaa kwenye ndoo. Amewahi kuisikia mara elfu na kila mara huwa ananiita mwongo. Leo akasema, "Aa, sawa."

Akanikubalia! Nikajua tumekwisha.

Jumatatu, 9 Machi

Nimempeleka Mwalimu pembeni, nikamweleza yote. Mke wa Kiberiti, shamba lililofungwa, sahani, vijiko. Nilimweleza kwamba kwetu mgeni ukimwacha akae mikono mitupu siku nyingi, unamwambia bila kusema kwamba si mtu wa nyumba hii. Lugha iliniishia njiani nikamalizia kwa mikono. Alisikiliza huku ameinama, maana nikiongea naye huwa anainama ili tulingane, nami siku zote hizo nilidhani ni maringo ya shingo.

Akasema, "Sheria imekataza mikono yake. Haijakataza macho. Wala mdomo."

Jumanne, 10 Machi

Nimemkalisha Kiberiti kwenye benchi la bustani, mikono mfukoni, makoti mawili. Mwanzo alinuna. Nikapanda ngazi, nikaweka msumeno makusudi kwenye tawi nisilostahili kukata.

Akautazama ule msumeno.

Nikaanza kukata.

"We! We Chumvi! Hilo ndilo linabeba mengine, huoni?"

"Niko kazini, wewe mgeni nyamaza."

"Shuka! Rudi nyuma uangalie! Mama kakufundisha hivyo? Tangu lini umekuwa na macho kisogoni?"

Nikashuka, nikarudi nyuma, nikaangalia. "Kweli bwana."

"Kweli nini! Ungekuwa mbuzi ningekuchinja kabla hujamaliza mti."

Wanafunzi wamefurahi. Hawaelewi neno, lakini tusi zuri halihitaji mkalimani.

Ijumaa, 13 Machi

Jua, na leo lina joto kidogo. Kiberiti yuko benchini kila siku. Anatukana vizuri. Anakula, si sana. Ila mikono haitoi mfukoni, kama aliyeificha asiione.

Leo tulipokaa kunywa chai akaitoa, akavitazama viganja.

"Vimeanza kuwa laini," akasema.

"Kama vya afisa."

"Chumvi, umenisaidia. Lakini mimi hapa ni mtu anayeangalia wenzake wanakula."

Sikupata mzaha wa kuweka hapo. Nilitafuta.

Jumanne, 17 Machi

Idarani. Chumba kina meza, viti, na saa ya ukutani inayogonga kama inadai kitu. Afisa ni mama wa makamo, nywele fupi, hana haraka. Binti yangu mkalimani. Mwalimu naye alikuja bila kuitwa, akakaa nyuma, magoti yamefika kifuani kwa udogo wa kiti.

Afisa akasoma maneno yangu yote niliyomwambia bwana wa koti. Kwa kinywa chake yalikuwa mabaya kweli. Toka asubuhi mpaka jua linazama. Hapumziki. Nilitamani meza inimeze.

"Mwulize mgeni, alilipwa nini?"

Kiberiti akafikiri. "Mwambie alinilipa matusi. Na hata hayo nilikuwa nayarudisha."

Binti yangu akasita. Nikamwambia, tafsiri hivyohivyo. Akatafsiri. Afisa akaandika, halafu akasimamisha kalamu.

"Mwulize, alikuwa anafanya nini na lile jembe?"

Kiberiti akavitazama viganja vyake. Nilitaka kumsaidia, nikafungua mdomo. Binti yangu akanikanyaga mguu.

"Mwambie mke wangu alifariki," Kiberiti akasema. "Tulikuwa na shamba. Kupanda, mimi naanzia juu, yeye anaanzia chini, tunakutana katikati. Hapo ndipo tunakunywa maji. Miaka yote hivyo. Alipokufa nikafunga, kwa sababu nikianza upande wangu, nani atanikuta katikati? Nikaja huku. Huyu mwongo akanipa jembe. Nikaona mikono inakumbuka kazi, haikumbuki msiba. Basi. Nikashika. Kama ni kosa, ni langu, yeye mwacheni asome, maana ndiyo shule yake ya kwanza."

Binti yangu alitafsiri mpaka kwenye maji, sauti ikakatika, akaomba radhi, akaendelea.

Afisa akamgeukia Mwalimu. Wakaongea. Akanigeukia mimi. "Na wewe? Una la kusema?"

Mimi! Maisha yangu yote nimesubiri kuulizwa hivyo na mtu wa ofisi. Nikasimama.

"Nilitia chumvi," nikasema. Nikakaa.

Afisa ametoa onyo kali kwa maandishi. Hakuna kurudishwa, hakuna kufungwa jina. Kiberiti anaweza kukaa mpaka kibali kiishe Mei, bila kugusa jembe. Mimi naendelea na shule. Nje nilimwambia binti yangu, "Umeona nilivyomshinda yule mama kwa neno moja?" Akanikumbatia badala ya kunijibu, hapohapo barabarani.

Jumatano, 18 Machi

Nilidhani leo ni sherehe. Asubuhi namkuta Kiberiti amekunja nguo zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kibali si mpaka Mei? Jana nimekupigania!"

"Umenipigania kwa neno moja, nimelisikia. Ahsante." Akakunja shati. "Mvua za kwetu zinaingia Aprili. Nikikaa hapa mpaka Mei nitakuta magugu yamenizidi kimo. Na kunizidi mimi kimo hakuhitaji magugu marefu."

"Kiberiti, utakwenda kukaa peke yako uangalie ukuta tena."

"Inawezekana."

"Basi kaa! Hapa una benchi, una mimi, una Mwalimu, una yule mama wa mbwa anakuulizia mti wake. Miti yenyewe haijaamka, hutaki kuiona?"

"Nataka sana."

"Sasa?"

Akakaa kitandani, miguu haifiki chini, akaniangalia kwa jicho lile la zamani.

"Chumvi, uliniita nije nicheke. Nimecheka. Sasa mikono ina njaa na chakula chake kiko kule. Wewe unaniogopea mimi, au unajiogopea wewe? Maana nikiondoka mimi, hapa nani mwingine atakuambia ukweli kwamba wewe ni mwongo?"

Nilikasirika. Nikamwambia hana shukrani. Nikamwambia kimo chake kinafaa kuwekwa mlangoni kuzuia mlango usijifunge. Akaniambia mimi ni redio iliyokosa mwenye kuizima. Tukaendelea hivyo mpaka binti yangu akagonga ukuta. Nilipotoka nilikuwa bado nimekasirika, lakini nilikuwa nimeelewa. Mtu aliyelowa hapigani hivi.

Jumapili, 22 Machi

Binti yangu amebadilisha tiketi. Nimekataa kusaidia kufunga mizigo. Halafu nikasaidia.

Jumamosi, 28 Machi

Amekwenda. Mwalimu alikuja kumuaga uwanjani na kumpa mkono, na Kiberiti akamtazama juu kama anayetazama kengele ya kanisa, akasema, "Mwambie, akija kwetu, siku ya tatu."

Sikutafsiri. Nilisema tu anakaribishwa.

Kwenye mlango wa wasafiri nilikuwa na tusi zuri, la kumfikisha hadi nyumbani. Likanikwama. Akanipiga bega. "Usijali. Hilo la kunipokelea lilikuwa bovu pia."

Jumatatu, 6 Aprili

Mitufaha imefumua maua. Meupe, kwa pembeni rangi ya waridi, na nyuki. Mti wangu wa fimbo tatu umetoa maua machache, na Mwalimu amesema hilo ni zaidi ya alivyotarajia. Naona ni sifa.

Kiberiti hapatikani kwenye simu.

Alhamisi, 9 Aprili

Hapatikani. Watoto wake wanasema anatoka asubuhi, na jioni akirudi hana maneno. Hana maneno ya aina gani, nikawauliza. Hawajui kutofautisha. Nimeshindwa kula. Binti yangu ameniwekea vijiko viwili, akasema tuanze na hivyo.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo amepokea.

Kwanza nikasikia upepo, halafu kishindo, halafu mtu anahema kama ng'ombe.

"Nani?"

"Nani nini? Mimi!"

"Aa, Chumvi. Sema haraka."

"Sema haraka? Nakutafuta wiki mbili! Uko wapi?"

"Kwani unanisikia niko wapi? Shambani. Mvua imeshuka."

Nikakusanya moyo. Nilikuwa nimeliweka swali hili tangu siku ile idarani, na nilikuwa naliogopa.

"Kiberiti, umefika katikati?"

 Nikasikia maji yanamwagika, au anakunywa.

"Nimepita," akasema. "Juzi. Nimekaa pale kidogo, halafu nikapita. Sasa niko upande wake. Alikuwa anapanda karibukaribu mno yule mwanamke, nilimwambia miaka yote. Chumvi, nina kazi bwana, nipigie usiku."

Akakata simu.

Mimi, mtu ambaye hata maofisa hawajathubutu kunikatiza, nimekatiwa simu na Kiberiti! Nimezunguka sebuleni kwa furaha mpaka binti yangu akatoka bafuni na mswaki mdomoni kuniuliza nani kajifungua.